DVD kutoka nje inagoma kucheza? Angalia namba ya ukanda
Umetumiwa DVD orijino kutoka Marekani, deki inaikataa? Usiitupe, huenda si mbovu. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda 6 ili kila soko liuziwe filamu kwa wakati na bei yake.

Marekani na Kanada ni ukanda 1. Ulaya, Japani, Afrika Kusini na nchi za Ghuba ni 2. Tanzania, Kenya na India ni 5. Namba ya diski isipolingana na ya deki, haichezi.

Namba hiyo huchapwa nyuma ya kasha, ndani ya alama ya dunia. Ukiona 0 au ALL, inacheza popote.

Tahadhari: draivu nyingi za kompyuta huruhusu kubadili ukanda mara 5 tu, kisha hubaki kwenye ule wa mwisho.