Kutoka Kasha la Bati hadi Simu ya Mkononi: Washarika na Benki katika Miaka Mia

Katika kumbukumbu za usharika wetu yameandikwa mengi juu ya ujenzi wa kanisa, watumishi waliotutangulia na kwaya zetu. Machache yameandikwa juu ya mahali ambapo washarika walihifadhi fedha zao, ingawa kila tofali la kanisa hili lilipita kwanza mifukoni mwao. Sura hii fupi yajaribu kuziba pengo hilo.

Wazee wetu walipoanza kupata fedha za kahawa, walizificha katika kasha la bati chini ya kitanda, au walimkabidhi mwinjilisti aliyeaminika. KNCU, iliyoundwa mwaka 1933, iliwapatia soko na malipo yenye utaratibu. Lakini fedha ikishalipwa, ilirudi kashani. Benki za kigeni zilikuwa mjini, nazo ziliwatazama wenye mashamba makubwa na wafanyabiashara. Aliyemjali mtu wa kipato kidogo alikuwa Posta, ambayo Benki yake ya Akiba ilianzishwa Tanganyika mwaka 1925.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa benki, na Benki ya Taifa ya Biashara ikafungua matawi hadi wilayani. Tuseme kwa haki: umbali ulipungua. Foleni na karatasi hazikupungua, na mikopo isiyolipika iliielemea benki hiyo hadi ikagawanywa mwaka 1997. Ndipo ilipozaliwa NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani.

Mwandishi anakumbuka kumsindikiza mjane mmoja wa usharika huu kufungua akaunti katika benki moja mjini, miaka hiyo ya 1990. Alitakiwa kuleta barua ya utambulisho, picha, mdhamini mwenye akaunti, na kiasi cha chini ambacho hakikuruhusiwa kuguswa. Alivitimiza vyote kwa kuuza mbuzi. Tuliporudi baada ya miezi kadhaa, makato ya kila mwezi yalikuwa yamekula sehemu kubwa ya mbuzi huyo. Alimwuliza karani kwa upole, "Mwanangu, mmenitunzia fedha, au mimi ndiye ninayewatunza ninyi?" Kijana yule aliinamisha kichwa. Kwa maoni yetu, mama huyo alilitaja tatizo lenyewe. Fedha alikuwa nazo. Kilichomshinda ni bei ya kuziweka.

Ugumu huu haukuanzia kwetu. Nchini Ujerumani, meya Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwaona wakulima wakinyonywa na wakopeshaji. Vyama vyake vya kwanza vilitegemea hisani ya matajiri, navyo havikudumu. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama cha mikopo ambacho wanachama wenyewe walidhaminiana, naye alipendelea kila chama kisivuke mipaka ya usharika mmoja ili watu wafahamiane. Akina mama wa VICOBA wanaokutana baada ya ibada, na wanachama wa SACCOS zetu, wanatembea katika njia hiyo hiyo, wengi wao bila kulisikia jina lake. Tena, Rabobank ya Uholanzi, iliyoongoza ununuzi wa asilimia 49 ya hisa za NMB mwaka 2005, imebeba Raiffeisen katika herufi mbili za kwanza za jina lake.

Mwaka huo huo wa 2005, Benki ya Uchumi ilianzishwa mjini Moshi chini ya Dayosisi ya Kaskazini. Mwaka 2008 M-Pesa ikafika Tanzania, na tangu mwaka 2013 Benki Kuu iliruhusu benki kutumia mawakala. Duka la jirani likawa dirisha la benki. Kwa mujibu wa utafiti wa FinScope, watu wazima waliotumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 16 mwaka 2009, na asilimia 76 mwaka 2023. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeletwa na simu.

Hata hivyo swali la mjane yule halijazeeka. Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu. Malalamiko yalikuwa mengi, nayo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, na kupunguzwa tena mwaka 2022. Katika miezi ile ya kwanza, mtunza hazina wetu aliona washarika kadhaa waliozoea kutuma ahadi zao kwa simu wakirudi kuzileta kwa mkono, zikiwa zimefungwa katika bahasha za kaki.