HISTORIA YA ROVU, SEHEMU YA 3: Chumvi ilikuja, mbona shingo bado zinavimba?

Tuendelee tulipoishia. Baada ya sehemu mbili za mwanzo, swali lililokuja kwa wingi ni hili: nesi, kama chumvi ya siku hizi ina madini joto, mbona bado kuna watu wana rovu? Swali zuri sana. Madaktari wenyewe walihangaika nalo miaka mingi, na jibu lake linapita Ukinga, Kivu, Japani na London mpaka linafika kwenye karatasi ya maabara unayopewa hapa Moshi. Vuta kiti, leo ni ndefu kidogo.

Kwa wageni: tezi ya shingo, ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita dundumio, inatengeneza homoni inayoendesha kasi ya mwili mzima. Homoni ikiwa kidogo unachoka, unanenepa, unasikia baridi. Ikizidi moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda huku unakula vizuri. Ili itengeneze homoni hiyo, tezi inahitaji madini joto. Ikiyakosa, inajipanua ili ikamate hata kidogo kinachopita kwenye damu. Kujipanua huko ndiko rovu.

Madini joto mengi yako baharini. Milimani, mvua ya maelfu ya miaka imeyaosha kutoka kwenye udongo. Ndiyo maana rovu limekuwa ugonjwa wa watu wa milimani dunia nzima: Uswisi, Himalaya, Andes, na kwetu nyanda za juu. Wazee wa migombani huku Kilimanjaro wanalijua kwa macho, hawakusoma kitabuni.

Sasa historia yetu. Dk. Michael Latham, daktari wa lishe aliyezaliwa Kilosa, alikwenda kupima watu Ukinga, ambako leo ni Makete, akachapisha matokeo mwaka 1965. Rovu lilikuwa kwa watu wengi mno, kiasi kwamba shingo nyembamba ndiyo ilikuwa ya kuhesabu. Mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na miaka ya 1980 wataalamu wake, akiwemo Dk. Festo Kavishe, wakalisukuma suala hili kitaifa. Wakati huo ilikadiriwa kwamba katika watoto wa shule, kama 25 kati ya 100 walikuwa na rovu. Kuanzia 1986 serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zaidi ya 20 zilizoathirika sana. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi. Utafiti wa kitaifa wa 2004 ukakuta zaidi ya kaya 8 kati ya 10 zinatumia chumvi hiyo, na rovu kwa watoto wa shule limeshuka mpaka kama 7 kati ya 100.

Hiyo ni kazi kubwa, na wengi wetu tumekula matunda yake bila kujua. Lakini angalia namba vizuri: 7 siyo 0. Na hao ni watoto tu. Watu wazima, hasa akina mama, walibaki na shingo zao. Hapo ndipo swali lenu linapoanza.

Dalili ya kwanza kwamba kuna kitu zaidi ya madini joto ilitoka kwa jirani. Katikati ya Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, kuna kisiwa kinaitwa Idjwi. Watafiti wa Kibelgiji walikaa pale miaka ya 1960 na 1970. Walikuta kaskazini mwa kisiwa rovu ni la kutisha, kusini ni kidogo. Wakapima madini joto: pungufu pande zote mbili. Kilichotofautiana ni chakula. Muhogo usipoandaliwa vizuri unaacha sumu ambayo mwili ukiibadilisha inaizuia tezi kukamata madini joto. Kwa mtu anayeyapata ya kutosha haina shida kubwa. Kwa mtu ambaye tayari hana, inamalizia kazi. Kwa hiyo shingo mbili zinaweza kufanana na sababu zisiwe zilezile.

Dalili ya pili ilikuja na chumvi yenyewe. Miaka ya 1990 madaktari wa Zimbabwe na wa Kivu waliona jambo la ajabu: baada ya chumvi yenye madini joto kuingia, wagonjwa wa tezi inayokwenda mbio wakaongezeka. Sababu ni hii. Mtu aliyeishi miaka 30 bila madini joto anakuwa na vinundu ndani ya tezi, na baadhi ya vinundu vimezoea kufanya kazi vyenyewe bila kusikiliza amri ya ubongo. Havikuwa na malighafi, kwa hiyo havikuleta madhara. Siku malighafi inakuja, vinafyatua homoni bila breki. Utafiti uliofuata katika nchi 7 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, ukaonyesha pia kwamba sehemu nyingine chumvi ilikuwa inawekewa madini mengi kupita kiasi.

Naomba hapo usinielewe vibaya. Chumvi yenye madini joto ni nzuri na tuendelee nayo. Mtoto anayekosa madini joto tumboni mwa mama anaweza kudumaa akili, na hilo halirudishwi na dawa yoyote. Ninachosema ni kwamba daktari aliyekaa mbele ya mgonjwa anayetetemeka, moyo unadunda, shingo imevimba, sasa alikuwa na maswali mawili. Je, ni vinundu vya zamani? Au ni ugonjwa mwingine kabisa?

Ugonjwa huo mwingine ulikuwa na majina muda mrefu. Robert Graves wa Dublin aliuandika mwaka 1835: wanawake wenye rovu na mapigo ya moyo ya kasi. Mwaka 1840 Karl von Basedow wa Ujerumani akaueleza tena pamoja na macho yanayotokeza nje. Mwaka 1912 daktari kijana wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, akaandika juu ya wanawake 4 waliofanyiwa upasuaji wa tezi. Alipoangalia nyama ya tezi kwa darubini, aliikuta imejaa chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Alisema huu ni ugonjwa mpya. Wengi hawakumsikiliza. Akarudi kwao kuwa daktari wa kawaida, akafariki mwaka 1934 bila kujua kwamba jina lake litaandikwa kwenye mafaili ya hospitali dunia nzima.

Askari walikuwa wanafanya nini kwenye tezi? Hapo wataalamu walikwama, kwa sababu tangu mwanzo wa karne ya 20 walikuwa wameshika fundisho la Paul Ehrlich, kwamba mwili hauthubutu kujishambulia wenyewe. Lilikuwa fundisho la mtu mkubwa, mshindi wa tuzo ya Nobel, na kulipinga halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1956 likavunjwa, na ni sehemu tatu tofauti mwaka huohuo. London, Deborah Doniach na Ivan Roitt pamoja na wenzao walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa Hashimoto, wakayakutanisha na maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya binadamu. Yalipokutana ukatokea mstari mweupe. Maana yake kwenye damu ya mgonjwa kulikuwa na kingamwili zinazoishika tezi yake mwenyewe. Buffalo, Marekani, Noel Rose na mwalimu wake Ernest Witebsky waliwadunga sungura maji ya tezi za sungura, na tezi za wanyama wale zikaungua kwa kushambuliwa na kinga yao wenyewe. Na New Zealand, Adams na Purves walichukua damu ya wagonjwa wa Graves wakawapa simbilisi. Tezi za simbilisi zikaamka na kufanya kazi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba hicho kitu nacho ni kingamwili, ila hii haibomoi, inakanyaga mafuta.

Yaani kinga ileile inayotulinda na surua inaweza kuifanyia tezi mambo mawili kinyume: kuibomoa polepole (Hashimoto), au kuisukuma bila kupumzika (Graves). Na yote mawili yanawapata zaidi wanawake, mara 5 hadi 10 kuliko wanaume. Hakuna uchawi hapo wala laana ya ukoo, ingawa kweli hutembea kwenye familia.

Kutoka hapo vikaja vipimo. Mwaka 1974 ikapatikana njia ya kupima kingamwili ya Graves. Mwaka 1985 wakajua kwamba kinachoshambuliwa sana kwenye Hashimoto ni kimeng'enya cha tezi kinachoitwa TPO. Ndiyo maana kwenye karatasi ya maabara unaona Anti-TPO na TRAb. Sasa twende taratibu, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Kipimo cha kwanza siku zote ni TSH, yaani amri ya ubongo kwa tezi, pamoja na homoni yenyewe. Hivyo ndivyo vinavyosema tezi inakwenda mbio au imelala. Kingamwili haisemi hilo. Kingamwili inasema KWA NINI.

Anti-TPO inakutwa kwa wagonjwa zaidi ya 90 kati ya 100 wenye Hashimoto. Lakini inakutwa pia kwa kama mtu 1 kati ya 10 ambaye tezi yake inafanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo Anti-TPO ikiwa juu na TSH ni ya kawaida, huhitaji dawa. Unahitaji kupima TSH mara kwa mara, kwa mfano kila mwaka, na mapema zaidi ukishika mimba. Na ikishatoka juu mara moja, hakuna haja ya kuirudia kila mwezi. Matibabu hayaongozwi na namba ile.

TRAb ni tofauti, hii inabadilisha mpango. Kama tezi inakwenda mbio kwa sababu ya Graves, dawa ya kushusha homoni kama carbimazole ikitumika mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, baadhi ya watu wanapona na kuacha. Kama ni vinundu vya zamani, dawa inatuliza tu, ukiacha inarudi, na mwisho wake huwa ni upasuaji au dawa ya mionzi. Wawili wanakaa benchi moja, wote wanatetemeka, ila njia zao ni mbili. Na kwa mama mjamzito mwenye Graves, kingamwili hiyo inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto. Hata kama mama alishafanyiwa upasuaji zamani, mwambie mkunga wa kliniki. Usinyamaze kwa kuwa unajiona umepona.

Najua kipimo hiki hakipo kila kituo, na kikipatikana si bei ya nyanya sokoni Pasua. Ndiyo maana nataka ujue hili: kama macho yametokeza, tezi imevimba yote sawasawa bila vinundu, na homoni ziko juu, daktari anaweza kuujua ugonjwa wa Graves bila TRAb. Una haki ya kumuuliza kwa heshima: "Daktari, kipimo hiki kitabadilisha matibabu yangu?" Kama jibu ni ndiyo, mkachangishane nyumbani. Kama ni hapana, nunua dawa kwanza.

Mambo manne ya kushika. Usinunue vidonge vya mwani wala matone ya madini joto mtandaoni kwa sababu shingo imevimba. Kwa mwenye vinundu unaweza kuwasha moto. Usichanje shingo kwa wembe. Ukiwa unatumia carbimazole ukapata homa na koo kuuma, isimamishe uende hospitali siku hiyohiyo upimwe damu. Na chumvi yako iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na jiko, maana madini joto yanapotea.

Mama mwenye moyo unaodunda asiishie kuambiwa ana presha au ana mawazo. Amwombe daktari amguse shingo na ampime TSH. Sehemu ya 4 tutaongelea tezi na ujauzito, kwa hiyo wenye maswali ya kliniki muanze kuyaandika hapa chini. Usiku mwema.