Miaka 33 ya Shosho kwa Wadi

Kijitabu cha mazishi ya shosho wangu kilikuwa na kurasa 16. Picha za wajukuu zilichukua nne. Majina ya ndugu, mashemeji na mabinamu yakachukua mbili. Kazi yake ya uuguzi, miaka 33 ya kulala mchana na kuamka usiku, ilipewa sentensi moja: alihudumu kwa uaminifu hadi alipostaafu.

Wasee, hiyo sentensi imenikaa kooni tangu 2024. Silaumu familia. Watu walikuwa na majonzi na mwenye kuchapisha alikuwa anapiga simu kila saa. Lakini ukikaa chini uhesabu, hiyo miaka 33 ni historia ya Nakuru yetu, na haiko kwa kitabu chochote nilichosoma shule.

Anza na majina ya mitaa tu. Wazungu walikaa juu, Milimani, kwa upepo na miti. Waafrika wakapewa chini, Bondeni. Ramani nzima ya ubaguzi iko kwa hayo majina mawili, na sisi huyataja kila siku kwa matatu bila kushtuka. Huku Milimani masetla walijenga hospitali wakaiita War Memorial, ukumbusho wa watu wao waliokufa vitani. Nairobi ilikuwa vilevile. Mwafrika alikuwa na Native Civil Hospital, iliyoanzishwa 1901, ikabadilishwa jina kuwa King George VI, na leo ni Kenyatta. Mzungu akafunguliwa European Hospital mwaka 1954, ambayo leo ni Nairobi Hospital. Malaria ilikuwa moja, malango mawili.

Shosho alizaliwa 1944 kwa shamba la setla kule Njoro. Babake alikuwa skwota: analima kakipande kake, analipa kwa jasho lake kwa shamba la mwenye nyumba. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwaka uliofuata familia ikapakiwa kwa lori pamoja na kuku na sufuria, ikarudishwa "kwao", mahali shosho hajawahi kuona. Alikuwa na miaka tisa. Hiyo stori aliisimulia mara mbili tu, na mara zote mbili aliishia kwa kuku.

Sasa, msichana Mwafrika kuwa muuguzi halikuwa jambo la kawaida. Kwa miaka mingi wafanyakazi Waafrika wa hospitali walikuwa hasa wanaume, walioitwa dresa, wa kuosha na kufunga vidonda. Kwa wasichana wengi njia ilipitia hospitali za misheni. Shosho aliingia Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1963. Akatoka 1966, akarudi Bonde la Ufa, na akaajiriwa PGH hapa Nakuru. Alikodi chumba Bondeni. Kila siku alipanda kwenda kazini na kushuka kwenda kulala, kwa hivyo ile ramani aliijua kwa miguu.

Hapa ndipo vitabu vyetu vya historia vinaniudhi. Uhuru wameufanya bendera moja kushuka na nyingine kupanda usiku wa kuamkia Disemba 12, 1963, halafu picha ya Mzee Kenyatta na mgwisho. Sawa. Lakini masista wazungu walipofunga masanduku wakaenda, nani alibaki na wagonjwa? Kwa shosho, Uhuru ulikuwa usiku mmoja akiwa na miaka 22, alipokabidhiwa funguo za kabati ya dawa na kuambiwa wadi ni yake hadi asubuhi. Vitanda vyote vimejaa na wengine wako kwa sakafu. Daktari yuko nyumbani, na simu iko ofisini, mbali.

Na kazi yenyewe, hebu fikiria. Sindano zilikuwa za glasi. Zilichemshwa, zikatumika, zikachemshwa tena. Ncha ikiwa butu, unainoa kwa jiwe, halafu unaipitisha kwa pamba kuona kama bado inakwaruza. Glavu zilioshwa, zikaanikwa, zikapakwa poda, na iliyotoboka ikazibwa kiraka kama tyubu ya baiskeli. Hizo zote zilikuwa kazi za usiku, katikati ya kupima joto na kugeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Shosho alikuwa akiona mtu akitupa glavu kwa video za hospitali kwa TV, anaguna tu.

Halafu fikiria hizo glavu za viraka mwaka 1984, wakati kisa cha kwanza cha ukimwi kilitambuliwa Kenya. Wauguzi walikuwa wameshika damu kwa mikono mitupu miaka yote hiyo. Alinieleza venye walianza kuangalia vidole vyao kila jioni, kutafuta mikwaruzo, na hakuna aliyesema kwa nini anaangalia. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Miaka 15! Mwaka huohuo shosho akastaafu akiwa na 55, kama sheria ilivyotaka wakati huo. Hesabu: nusu ya kazi yake karibu yote ilikuwa kwa ugonjwa ambao nchi ilikuwa inauongelea kwa kunong'ona.

Katikati hapo kulikuwa na Disemba 1989, serikali ilipoanza kutoza ada hospitali za umma, mpango walioita kugawana gharama. Mwaka uliofuata ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa kwa muda. Kwa vitabu vya uchumi hiyo ni aya moja. Kwa shosho ilikuwa mama mwenye mtoto anayehema, amesimama dirishani anahesabu sarafu kwa leso. Mara nyingine shosho aliongezea. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kulia.

Kila Mei 12, siku ya kuzaliwa ya Florence Nightingale, watu hupost wauguzi na mabawa. Malaika hivi, malaika vile. Shosho hakupenda hilo neno hata kidogo. "Malaika halipi karo," alisema. Wauguzi walipogoma 2017, kutoka Juni 5 hadi Novemba 2, watu wengi wa rika lake waliwatusi. Yeye aliwaunga mkono tangu siku ya kwanza, na bado aliumia kwa wagonjwa waliofungiwa milango. Yote mawili yalikuwa ndani yake, na hakuona haja ya kuchagua moja ili sisi wasikilizaji turidhike.

Najua mtu atasema, lakini wakubwa wao wanakumbukwa. Kweli? Eunice Muringo Kiereini aliongoza uuguzi wa Kenya, halafu 1981 akachaguliwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi hadi 1985, Mwafrika wa kwanza. Baraza lilikuwa limeundwa 1899. Uliza darasa lolote hapa Nakuru jina lake ni nani. Grace Ogot tunamjua kwa hadithi zake na kwa bunge, lakini ni wangapi wanajua alisomea uuguzi na ukunga kabla ya hayo yote? Kama hao wanasahaulika, sista wa zamu ya usiku PGH ana nafasi gani?

Na kustaafu hakukumaliza kazi. Januari 2008, mji ulipowaka na maelfu ya watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho, shosho alikuwa anakaa kwetu Milimani, miaka 64, goti bovu. Alivaa raba za kakangu akaenda huko kuzalisha akina mama kwa mahema. Hakuuliza mtu ametoka kabila gani. Aliuliza uchungu umeanza saa ngapi.

Nimebaki na cheti chake, beji, na ile saa ya kubandika kifuani inayoning'inia kichwa chini ili mwenye kuivaa aisome akiwa ameshika mkono wa mgonjwa. Vitu haviongei, kwa hivyo nimeanza kutafuta waliofanya kazi naye. Wa kwanza anakaa Bahati, ana miaka 79, na kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Jumamosi iliyopita nilimrekodi saa mbili na nusu. Tumefika tu mwaka 1971, na ameniambia nikirudi nibebe mkate.