Bangi: Rwanda iliruhusu nini hasa?

Mkaaji wa Cimpunda, komine ya Kadutu, akisikia "Rwanda iliruhusu bangi", anaweza kuwaza kwamba akivuka tu Ruzizi atavuta bila kukamatwa. Hapana. Kile Kigali ilikubali Oktoba 2020, na kukitolea agizo Juni 2021, ni kulima bangi ya dawa ya kuuzwa inchi za nje. Mwenye kulima lazima apate leseni, tena shamba lizungushiwe uzio mbili, na walinzi usiku na mchana.

Kwa mvutaji, hakuna kilichobadilika. Sheria ya Rwanda ya 2018 inampa mwaka mmoja mpaka miwili gerezani, ao kazi za jamii. Muuzaji anaweza kufungwa maisha. Kijana anayebeba muzigo kuvuka daraja ajue hilo kwanza.

Hapa Congo bangi inakatazwa tangu wakati wa Wabelgiji. Wanaotaka iruhusiwe wanasema marufuku inajaza tu magereza, na mifuko ya wenye kukamata. Wanaopinga wanataja vijana kuharibika akili, na hiyo si hofu ya bure: kuvuta sana tangu ujana kunaongeza hatari ya ugonjwa wa akili. Kule Kenya, George Wajackoyah aliiahidi katika kampeni ya 2022. Hakufikisha hata kura 1 kwa 100.

Kuhusu faida, mfano wa Rwanda unataka mtaji mkubwa. Mkulima mdogo wa Kivu, mwenye jembe moja, ataupata wapi?