Mpunga na Mbu: Majina Mawili ya Ifakara



Mtu akiitaja Ifakara katika soko la Kariakoo, anazungumzia mchele. Akiitaja mjini Basel, nchini Uswisi, anazungumzia malaria. Mtu angedhani ni miji miwili tofauti, kumbe sifa zote mbili zimetoka katika maji yaleyale. Juma hili natamani tuitazame historia ya mji huu kwa kuyafuata maji hayo.

Mto Kilombero hufurika wakati wa masika na kulifunika bonde, ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wandamba, mabingwa wa mitumbwi, wamelijua bonde hilo kwa samaki wake: kambale, kitoga na perege. Maji yakipungua, tope linalobaki hulea mpunga. Wali wa Ifakara hujitambulisha kwa harufu kabla haujapakuliwa, na anayeula pamoja na kambale wa mchuzi haulizi mboga nyingine. Ipo pia pepeta, mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa hadi ukawa bapa. Watoto huila kwa furaha, na wazee nao wasisingizie kwamba hawaipendi.

Shibe hiyo imewahi kugeuzwa shabaha. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, katika vita vya Maji Maji. Wakoloni walijibu kwa bunduki, kisha kwa kuchoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Ni haki kulikumbuka jambo hilo kila tunapoliita bonde hili ghala la taifa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani walipokuwa wameondolewa, Wakapuchini wa Uswisi na Masista wa Baldegg waliingia Tanganyika mwaka 1921. Kutokana na kazi yao ikasimama Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo daktari Karl Schöpf aliitumikia na kuikuza. Chuo cha uuguzi cha hapo kina jina la Askofu Mkuu Edgar Maranta, Mkapuchini aliyeliongoza jimbo la Dar es Salaam hadi mwaka 1968.

Mwaka 1949 alifika mgeni wa namna nyingine, Profesa Rudolf Geigy, mkuu wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Basel. Alikuja kuchunguza papasi, mbung'o na viumbe wengine waenezao maradhi. (Kampuni yenye jina la ukoo wake ndiyo iliyogundua, mwaka 1939, kwamba DDT huua wadudu.) Mwaka 1957 alifungua maabara ndogo Ifakara, na mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, kikaanza kituo cha kuwafundisha Watanzania uganga wa vijijini. Maabara ile ilikua hadi ikawa taasisi ya Kitanzania, ambayo tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, wasomi hao siyo watu mashuhuri kuliko wote katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Namawala, ilikadiriwa kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu na hapo, kijijini Idete, wazazi walikubali watoto wao 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano washiriki katika jaribio la chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Wengine walipata chanjo, wengine sindano isiyo na dawa, na hakuna mzazi aliyejua mwanawe yuko upande gani. Matokeo yalitolewa mwaka 1994: chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Dunia ilishangilia, lakini majaribio yaliyofuata, likiwemo la watoto wachanga hukohuko bondeni, hayakuonyesha kinga ya maana. Chanjo ile ikaachwa. Akina mama wa Idete hawakuandikwa majina katika majarida, nao ndio waliobeba sehemu iliyo nzito zaidi.

Lililofaulu lilikuwa jambo la kawaida kabisa, chandarua. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa, kwa jina la Zuia Mbu, viliuzwa bondeni kwa bei nafuu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulivihusisha na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wadogo. Uzoefu huo ulisaidia kuandaa mpango wa Hati Punguzo ulioanza mwaka 2004, uliowawezesha wajawazito nchini kununua chandarua kwa punguzo.

Lakini mpunga una madai yake. Wakati wa kulima na wa kufukuza ndege, familia nyingi huhamia shambani kwa wiki au miezi kadhaa na kulala katika vibanda vya miti na nyasi visivyo na milango, mbali na zahanati. Chandarua kilichopimwa kwa kitanda cha mjini hakina pa kufungiwa humo. Kwa hiyo watu hukifunga kwenye fito za kibanda, wakaukunja upindo chini ya mkeka, na watoto hulala hapo katikati ya mpunga unaoiva.