Dhana ya ajira

Dhana ya ajira ni kanuni inayomtaka mwamuzi wa mgogoro wa kazi aanze kwa kumhesabu anayemfanyia mwingine kazi kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nchini Tanzania imo katika kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Katika mazungumzo ya kawaida dhana ni wazo tu, na anayedhani hana hakika. Kisheria neno hilo ni zito zaidi: ni jambo linaloshikwa kuwa kweli hadi ushahidi ulipindue, kama mshtakiwa anavyoshikwa kuwa hana hatia. Neno kisio lisingefaa, kwa kuwa linaleta fikra ya makadirio na halisemi ni nani anayepaswa kuthibitisha.

Kifungu kinataja mambo saba, na moja tu likiwapo linatosha, mkataba uwe wa sura yoyote. Mtu anaelekezwa na mwingine namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi anayoitumikia, kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi, anamtegemea kiuchumi, amepewa naye vifaa vya kazi, au hana mwingine anayemtumikia.

Mkoani Simiyu, kanuni hii inagusa sana usafirishaji. Barabara ya lami kutoka Mwigumbi, Shinyanga, inapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi wilayani Busega, inakokutana na barabara ya Mwanza–Musoma. Dereva wa Hiace katika njia kama hiyo mara nyingi hana mshahara wala karatasi yoyote ya kazi. Mwenye gari humwita tajiri, na jioni humpelekea hesabu, yaani kiasi walichokubaliana. Kinachobaki baada ya mafuta na malipo ya konda ndicho chake. Siku abiria wakiwa haba, hesabu haipungui.

Tajiri husema amekodisha gari tu, hajaajiri mtu. Lakini gari ni lake, ndiye anayeweza kulichukua asubuhi yoyote, na dereva hana tajiri mwingine. Saa 45 za mwezi mzima dereva huyo anaweza kuzimaliza ndani ya wiki moja. Dhana inasimama, na hapo tajiri ndiye anayepaswa kuleta ushahidi wa kuipindua. Huu ni mgawanyo wa haki, kwani mwenye gari ndiye mwenye uwezo wa kuandika masharti na kutunza kumbukumbu.

Asipoipindua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamhusu: saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, na maelezo ya kazi kwa maandishi. Akishindwa kutoa maandishi hayo mbele ya mwamuzi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye.

Pikipiki ni suala gumu zaidi. Bodaboda wa hesabu yuko karibu na dereva wa Hiace. Wa mkataba, anayelipa kwa miezi kadhaa kisha pikipiki ikawa yake, anafanana zaidi na mnunuzi wa mali kwa awamu, na mwenye pikipiki ana hoja nzuri ya kuipindua dhana. Deiwaka, anayeshika usukani siku moja moja, hutegemea amemtumikia nani na kwa saa ngapi.

Mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai ya madereva walipogoma mwaka 2015. Sheria Na. 3 ya 2019 iliunda LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, mahali pa mamlaka ya awali, SUMATRA, na kuipa kazi ya kuthibitisha madereva na kusajili wahudumu wa magari ya biashara. Usajili huo si mkataba wa ajira. Hata hivyo, pamoja na miamala ya simu ya kupeleka hesabu, unaweza kusaidia kuonyesha nani alifanya kazi na gari la nani.

Dereva aliyeachishwa kazi isivyo halali hupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60.