Kilomita za Gari la Umeme na Mlima wa Tukuyu

Desemba 2010 kampuni ya Nissan ilipoanza kuuza gari lake la umeme, Leaf, gari hilo hilo moja, lenye betri ile ile ya uniti 24 za umeme, lilinadiwa kwa umbali wa aina tatu. Japani wanunuzi waliambiwa kuwa likijaa chaji linakwenda kilomita 200. Ulaya waliambiwa 175. Marekani kibandiko rasmi kilisema maili 73, yaani kilomita 117 hivi. Hakuna aliyegusa mota wala betri. Kilichotofautiana ni kipimo. Kwa mtu wa Kyela anayefikiria kuagiza Leaf iliyotumika kutoka Japani, kwa njia ile ile ya bandari ya Dar es Salaam zinayopita Toyota IST na Noah, jambo hili ni zito, kwa kuwa namba itakayomfikia ndiyo kubwa kuliko zote tatu. Namba hiyo si uongo. Lakini ilipatikana mahali pasipo na mlima wala joto la ziwani, na asiyeuliza ilipatikanaje atalijua jibu akiwa barabarani, katikati ya Kasumulu na Tukuyu.

Mvutano huu wa namba ya tangazo na hali halisi ni mkongwe kuliko barabara yetu ya lami. Mwanzoni mwa karne ya 20, Detroit Electric ya Marekani ilitangazwa kuwa inakwenda maili 80 kwa chaji moja, lakini katika jaribio moja ikafikishwa maili 211. Gari lilikuwa halizidi sana kilomita 32 kwa saa, na mwendo wa taratibu huibembeleza betri yoyote. Baadaye serikali zilipoweka vipimo rasmi, nia ilikuwa njema: kumwezesha mnunuzi kulinganisha gari na gari kwa mizani moja. Gari hufungwa ndani ya jengo, magurudumu yakazunguka juu ya rola, dereva akafuata mstari wa mwendo kwenye skrini. Kipimo cha Ulaya kilichotumika hadi 2017 kilichukua chini ya dakika 20, kwa wastani wa kilomita 34 kwa saa, viyoyozi vikiwa vimezimwa. Cha Japani kilikuwa cha upole zaidi, wastani wa kilomita 24 kwa saa, mwendo wa foleni za Tokyo. Wamarekani walikiri waziwazi kwamba rola haifanani na barabara, wakawa wanalizidisha jibu la maabara kwa 0.7 kabla ya kulichapisha. Ulaya ilianza kutumia kipimo kikali zaidi Septemba 2017, lakini pengo halikuzibika: Leaf ya uniti 40 iliyotoka mwaka huo iliandikwa kilomita 400 Japani na 243 Marekani. Na katika vipimo vyote hivyo, vya zamani na vipya, hakuna hata kimoja kilichoweka mlima.

Hapo ndipo Kyela inapoingia. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo tu ya Ziwa Nyasa lenyewe. Tukuyu iko juu zaidi kwa mita 1,000 hivi, na ukishapita Kiwira barabara inaendelea kupanda hadi Isongole, zaidi ya mita 2,000, ndipo ishuke Uyole. Chukua Leaf yenye watu wawili watatu na gunia la mchele, jumla tani 1.8. Kuupandisha mzigo huo mita 1,000 tu, achilia mbali upepo na msuguano wa tairi, kunakula karibu uniti 5. Kilomita zipatazo 50 za kwenda Tukuyu, kama zingekuwa tambarare, zingekula 7 au 8. Jumla ni kama 13. Sasa gari la mwaka 2011 si jipya. Likibaki na uniti 16 za kutumika limetunzwa vizuri. Kwa tangazo la Kijapani, Kyela hadi Tukuyu ni robo ya safari. Kwa hesabu ya mlima, dereva anafika Tukuyu betri ikielekea kuisha, na Isongole bado iko mbele.

Watetezi wa magari haya watasema, na wana haki, kwamba kinacholiwa kwenye kupanda hurudi kwenye kushuka, maana mota hugeuka jenereta gari linapoteremka. Ni kweli, na kwa safari ya Tukuyu kushuka Kyela huenda gari likala umeme kidogo ajabu. Lakini hakirudi chote, kwa sababu kuna kinachopotea njiani. Betri iliyojaa pomoni nayo haina pa kuuweka umeme wa mteremko, kwa hiyo aliyechaji usiku kucha Tukuyu ataanza kushuka kwa breki za kawaida. Na faida ya mteremko humfikia baadaye aliyekwisha kufika juu. Aliyekwama chini ya Tukuyu haimsaidii.

Joto ni hoja nyingine, na pengine ndiyo inayouma zaidi kwa sababu haionekani siku ya kununua. Betri ya Leaf za mwanzo haikuwekewa mfumo wa kuipoza. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, nchi ya joto kali, walianza kulalamika kwamba vijiti vya uwezo wa betri vinapungua upesi. Ni vijiti 12 vidogo pembeni mwa dashibodi. Kijiti cha kwanza kikizimika, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Nissan ikaongeza dhamana kwa betri zitakazoshuka chini ya vijiti tisa. Kyela si Arizona, lakini joto la bondeni mwezi wa Novemba halimpi mtu nafuu hata kivulini, na gari litakaloegeshwa Ipinda au Matema mwaka baada ya mwaka litazeeka upesi kuliko lile lililolala Tukuyu kwenye ubaridi.

Kuna atakayesema kwamba hata magari ya petroli hayafikii namba zake. Sawa. Tofauti ni kwamba petroli ikiisha, bodaboda inakuletea dumu; umeme hauletwi hivyo. Ziwa Nyasa limewahi kuijua hali kama hii ya gari la umeme: Chauncy Maples, meli ya wamisionari iliyoshushwa majini 1901, ilitumia kuni hadi ilipowekewa injini ya dizeli miaka ya 1960, na meli ya kuni huenda mbali kadiri ya rundo la kuni linaloisubiri ufukweni. Soketi ya nyumbani ikivutwa ampea 10 hutoa uniti 2.3 kwa saa, kwa hiyo uniti 16 ni saa saba za umeme usiokatika. Ndiyo maana chaja moja ya nguvu pale Tukuyu, inayofanya kazi siku zote, ingemfaa dereva wa Kyela kuliko kilomita 100 za ziada kwenye tangazo. Na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalosimamia ubora wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini, lingeweza kudai jambo moja rahisi: cheti cha kila gari la umeme kitaje uniti zilizobaki kwenye betri siku ya ukaguzi, pembeni ya zile lilizotoka nazo kiwandani.